Maswali ya Wasomaji: Humza Yousaf alipita njia gani hadi uwaziri wa Uskoti?

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukizungumzia serikali zilizomo ndani ya miungano, tulitaja kwa mistari miwili mitatu tu kwamba Uskoti imewahi kuongozwa na Muislamu ambaye mama yake alizaliwa Kenya. Mistari hiyo imetuletea barua kutoka Unguja na Pemba, nyingine za kuuliza na nyingine za kutukosoa kwa mambo ambayo hatukuyasema. Tumechagua zile zinazohusu maisha na kazi za Bwana Humza Yousaf mwenyewe, na zile za mabishano juu ya Muungano wetu tumeziweka kando, kwa kuwa zina pahala pake.

SWALI: Assalamu alaikum, Ndugu Mhariri. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamegawika. Wapo wanaosema huyu bwana ni Mpakistani, wapo wanaosema ni Mkenya, na mmoja ameapa kuwa ni Muarabu kwa sababu ya jina lake. Ukweli ni upi? — Mwalimu wa Historia, Chake Chake

JIBU: Wa alaikum salam, maalim. Kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli, isipokuwa huyo wa Uarabuni. Humza Yousaf ni mzaliwa wa Glasgow, mji mkubwa kuliko yote ya Uskoti; alizaliwa tarehe 7 Aprili 1985 na huko huko ndiko alikokulia. Baba yake alitoka Mian Channu, mji uliopo katika jimbo la Punjab nchini Pakistan, akahamia Glasgow pamoja na familia yake katika miaka ya 1960, na baadaye akafanya kazi ya uhasibu. Mama yake alizaliwa Kenya katika familia yenye asili ya Punjab hiyo hiyo.

Namna Wapunjabi walivyofika Kenya utawaeleza wanafunzi wako vizuri kuliko sisi, kwa kuwa reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, imo katika mtaala wao. Pengine wasilolijua ni kwamba sheria za Kenya za mwaka 1967 juu ya vibali vya kazi na leseni za biashara ziliwafanya maelfu ya Wahindi wenye paspoti za Kiingereza kufunga mizigo, na mwaka uliofuata Bunge la London likapitisha kwa haraka sheria ya kuwabana wasiingie kwa wingi. Katika zama hizo ndipo jamii ya Waasia wa Glasgow ilipokuwa ikiota mizizi.

Yousaf alipochaguliwa kukiongoza chama chake cha SNP tarehe 27 Machi 2023, katika hotuba yake ya ushindi aliwataja mababu zake wa pande mbili: mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha cherehani cha Singer pale Clydebank, na mwengine aliyekuwa akigonga tiketi ndani ya mabasi ya manispaa ya Glasgow. Kiwanda hicho, kilichofungwa mwaka 1980, kiliwahi kuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya cherehani duniani. Jina lile lile ambalo bado linasomeka kwa herufi za dhahabu kwenye mkono wa cherehani nyeusi za mafundi wetu wa Darajani ndilo lililokuwa likimlipa mshahara mzee ambaye mjukuu wake alikuja kuwa mkuu wa serikali.

Uwaongezee na hili. Kuanzia Machi 2023 hadi Mei 2024 Waziri Mkuu aliyekaa London alikuwa Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, London na Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ziliongozwa na watoto wa familia zilizopitia Afrika Mashariki, mmoja akiutetea muungano wa Uingereza na mwengine akitaka kuuvunja.

SWALI: Mimi ni kijana niliyemaliza chuo kikuu, sijapata kazi, na siasa naipenda. Nasikia Yousaf alipata uwaziri akiwa na miaka 27. Alisoma nini, na alianzia wapi? Au ni mtoto wa kigogo? — Kijana wa Mwanakwerekwe

JIBU: Umri umeupata sawasawa. Si mtoto wa kigogo, lakini pia si mtoto aliyesoma kwa shida, na ni haki tukayasema yote mawili. Alisoma Hutchesons' Grammar School, skuli ya kulipia yenye jina Glasgow, ambayo ndiyo hiyo hiyo aliyosoma Anas Sarwar, aliyekuja kuwa kiongozi wa chama cha Labour cha Uskoti na mpinzani wake Bungeni. Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow kusoma sayansi ya siasa, akamaliza mwaka 2007, na akiwa chuoni aliongoza jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Alikuwa na miaka 16 wakati wa mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 kule Marekani, na mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi wanafunzi wenzake walivyoanza kumuuliza maswali juu ya Waislamu kana kwamba alikuwa msemaji wao wote. Vikafuata vita vya Iraq, ambavyo alivipinga. Mwaka 2005 akajiunga na SNP, chama kinachotaka Uskoti iwe dola huru.

Alipomaliza masomo hakupokelewa na zulia. Kwa muda mfupi alifanya kazi katika kituo cha kupokea simu za wateja, kazi ambayo vijana wengi wa Glasgow wameipitia, kisha akapata nafasi ya kuwa msaidizi wa mbunge. Hapa, kwa maoni ya safu hii, ndipo jibu la swali lako lilipo, na ndipo magazeti mengi yanapopita mbio kwa kuwa hapana picha nzuri ya kupiga. Mbunge aliyemuajiri alikuwa Bashir Ahmad, mzee aliyezaliwa Amritsar mwaka 1940, akafika Glasgow mwaka 1961, akafanya kazi katika mabasi kwanza kama kondakta kisha kama dereva, akafungua maduka, na mwaka 2007 akawa Muislamu wa kwanza kuingia katika Bunge la Uskoti.

Msaidizi wa mbunge hasimami jukwaani. Asubuhi hufungua barua na baruapepe za wananchi, na nyingi huwa hazina uhusiano wowote na siasa kubwa: huyu nyumba yake ya manispaa inavuja, yule ndugu yake amenyimwa viza, mwengine amesubiri operesheni ya goti hadi amechoka. Kila jambo lina ofisi yake ya kuandikiwa, lina muda wake wa kukumbushwa, na lina mtu wa kurudishiwa jibu. Mchana huandika maswali ambayo mbunge atamuuliza waziri, hutafuta takwimu za kuyatilia nguvu, hutunga taarifa ya magazeti yenye mistari sita ambayo mhariri ataikata ibaki miwili. Mbunge anapokutana na wananchi wa jimbo lake, msaidizi hukaa pembeni na daftari. Anayeifanya kazi hii kwa miaka mitatu minne hujua mlango upi wa serikali unafunguka na upi umebandikwa tu ukutani.

Mzee Bashir Ahmad alifariki Februari 2009, naye Yousaf akaendelea na kazi ile ile kwa wabunge wengine wa chama, wakiwemo Nicola Sturgeon na Alex Salmond, yaani waliomtangulia katika kiti alichokuja kukikalia. Mwaka 2011 akagombea mwenyewe. Tuzingatie namna alivyoingia: Bunge la Uskoti lina wajumbe 129, ambapo 73 huchaguliwa majimboni na 56 hupatikana kwa orodha za vyama katika kanda, na kila mpigakura hupewa karatasi mbili. Yousaf aliingia kwa orodha ya kanda ya Glasgow, akiwa na miaka 26. Jimbo lake mwenyewe, Glasgow Pollok, alilishinda mwaka 2016. Orodha humpa kijana mlango ikiwa chama kinamwamini, lakini anayetaka kukaa muda mrefu hutafuta jimbo, kwa sababu nafasi ya kwenye orodha hupangwa na wenzake wa chama na inaweza kupangwa upya.

Uwaziri ukaja Septemba 2012, naye akawa Muislamu wa kwanza na mtu wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwa waziri katika Serikali ya Uskoti. Wizara yenyewe haikuwa nzito: mambo ya nje na maendeleo ya kimataifa, ilhali mambo ya nje kisheria yamo mikononi mwa London. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ni misaada, hasa kwa Malawi, ambayo ilitiliana saini makubaliano ya ushirikiano na Uskoti mwaka 2005 kwa kumbukumbu ya David Livingstone, mmisionari wa Kiskoti, yule yule ambaye nyumba aliyokaa mwaka 1866 bado imesimama nje kidogo ya Mji Mkongwe. Kwa karibu miaka sita Yousaf alibaki katika daraja ya chini ya uwaziri, bila ya kiti katika Baraza la Mawaziri. Mwaka 2016 alihamishiwa usafiri na visiwa. Juni 2018 akapandishwa kuwa Waziri wa Sheria na kuingia Barazani. Mei 2021 akapewa afya wakati korona haijaondoka. Na Machi 2023 akawa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa Serikali ya Uskoti.

Njia hii ya ofisi ya mbunge si yake peke yake. Kate Forbes, aliyeshindana naye kugombea uongozi wa chama mwaka 2023, alimfanyia kazi mbunge Dave Thompson, kisha akawa mhasibu katika benki ya Barclays, na mwaka 2016 akakirithi kiti cha Thompson alipostaafu. Tarehe 6 Februari 2020, Waziri wa Fedha alipojiuzulu saa chache kabla ya kusoma bajeti, ni yeye, naibu mwenye miaka 29, aliyesimama kuisoma. Wapo Waskoti wanaolalamika kwamba siasa yao sasa imejaa watu ambao hawajawahi kufanya kazi nyingine, na hawakosei wakikumbuka kwamba, kati ya Mawaziri Viongozi wa zamani, Henry McLeish alikuwa mcheza mpira wa kulipwa, Jack McConnell alisomesha hesabu, na Sturgeon alikuwa wakili wa wanyonge Glasgow kabla ya kushika madaraka. Kwako wewe kijana, nasema hivi: ukipata nafasi katika ofisi ya Mwakilishi wako, hata ya kupanga mafaili, usiidharau.

SWALI: Nimesoma kuwa aliwahi kuwa waziri wa visiwa. Sisi wa Pemba tungependa kujua waziri wa namna hiyo anafanya nini, na kama yeye mwenyewe ni mtu wa kisiwani. — Bi wa Wete

JIBU: Mtu wa kisiwani hakuwa, Bi. Ni mtu wa mjini, na visiwa alikabidhiwa pamoja na treni na barabara, kwa cheo kilichoitwa Waziri wa Usafiri na Visiwa, kuanzia Mei 2016 hadi Juni 2018. Uskoti ina visiwa zaidi ya 90 vinavyokaliwa na watu, na kuviweka pamoja na usafiri kulikuwa na mantiki ambayo hapana haja ya kumfafanulia mtu aliyewahi kusubiri meli bandarini Mkoani.

Katika kipindi hicho ndipo Bunge la Uskoti lilipopitisha Sheria ya Visiwa, tarehe 30 Mei 2018, na Yousaf ndiye waziri aliyeisimamia. Moyo wa sheria hiyo ni kwamba taasisi ya serikali inayotunga sera, mkakati au huduma ambayo itawagusa watu wa visiwani tofauti na wanavyoguswa watu wa bara lazima kwanza ipime athari zake kwa visiwa na iandike ilichokiona. Ukitaka kuufunga mlango wa hospitali ndogo au kubadilisha ratiba ya posta, huwezi tena kusema kwamba hukujua wagonjwa watahitaji meli. Pia serikali ilitakiwa kuandaa mpango wa taifa wa visiwa, na jimbo la uchaguzi la visiwa vya magharibi likalindwa lisije likaunganishwa na bara kwa hoja ya uchache wa watu, kama yalivyokwisha kulindwa yale ya visiwa vya kaskazini vya Orkney na Shetland.

Kuna kifungu kimoja ambacho wengine walikicheka na watu wa Shetland wakakipigania. Shetland iko mbali kaskazini kiasi kwamba meli ya kutoka Aberdeen, iliyopo bara, hadi Lerwick, mji mkuu wa Shetland, husafiri usiku kucha. Wachora ramani, kwa kutotaka kupoteza karatasi juu ya bahari tupu, kwa miaka mingi walikuwa wakivinyanyua visiwa hivyo na kuvitia ndani ya kijisanduku karibu na pwani ya bara, na watoto wa skuli wakakua wakiamini kwamba ni mwendo wa kuvuka mlango wa bahari tu. Mbunge wa Shetland, Tavish Scott, alileta mabadiliko, na sheria sasa inazitaka taasisi za umma kuionesha Shetland pale pale ilipo, au zitoe sababu kwa nini haikuwezekana. Wenye kucheka walisema ni jambo la karatasi. Mimi sikuliona hivyo: anayekadiria bei ya mafuta, muda wa gari la wagonjwa au gharama ya kusafirisha samaki huanza kwa kutazama ramani.

Kuhusu nauli, lililo kubwa lilikwisha anzishwa kabla yake. Mwaka 2008 serikali ilianza kwa majaribio utaratibu wa kupanga nauli za meli kwa kulinganisha na gharama ya kwenda masafa hayo hayo kwa barabara, na hadi mwaka 2015 ulikuwa umeenea katika njia za pwani yote ya magharibi. Nauli zilishuka sana. Watalii nao wakaongezeka na magari yao, hata wenyeji wa baadhi ya visiwa wakalalamika kwamba wakati wa kiangazi wanakosa nafasi katika meli iliyopunguzwa bei kwa ajili yao. Yafaa wapangaji wetu waliangalie hilo kabla ya kuuchukua utaratibu huo mzima mzima.

Na yapo ambayo hayakumpa sifa. Mwaka 2015, kabla hajafika wizarani, serikali ilitoa zabuni ya pauni milioni 97 kwa kiwanda cha Ferguson Marine kujenga meli mbili. Ya kwanza, Glen Sannox, ilishushwa majini Novemba 2017, wakati Yousaf ndiye waziri, kwa sherehe na bendera, huku baadhi ya madirisha yake yakiwa yamechorwa kwa rangi kwa sababu vioo vilikuwa bado havijatiwa. Kiwanda kilifilisika na kuchukuliwa na serikali mwaka 2019, na meli hiyo haikubeba abiria hadi Januari 2025. Yeye binafsi, akiwa Waziri wa Usafiri, alisimamishwa na polisi Desemba 2016 akiendesha gari la rafiki yake bila ya bima inayomhusu. Akatozwa faini ya pauni 300 na kuandikiwa pointi sita kwenye leseni. Alikiri na akalipa. Wapinzani wake hawakulisahau hadi siku anaondoka.

SWALI: Ni kweli aliapa Bungeni kwa Kiurdu? — Msomaji, Mkunazini

JIBU: Ni kweli. Mwaka 2011 aliapa kwa Kiingereza, kama taratibu zinavyotaka, kisha akarudia kwa Kiurdu, akiwa amevaa sherwani, lile koti refu la Kihindi na Kipakistani. Mjumbe anaruhusiwa kurudia kiapo kwa lugha nyengine, na wapo wanaokirudia kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Uskoti.

SWALI: Kwetu Rais wa Zanzibar ndiye anayeteua mawaziri. Uskoti nani huwateua, na lazima wawe wabunge? — Mkaazi wa Jang'ombe

JIBU: Lazima wawe wabunge wa Bunge la Uskoti, isipokuwa wanasheria wakuu wa serikali, ambao wanaweza kutoka nje. Waziri Kiongozi huchaguliwa kwa kura na Bunge lenyewe, kisha huteuliwa na Mfalme. Yeye naye hupendekeza majina ya mawaziri wake, lakini hawezi kuwaapisha kabla ya Bunge kuyakubali majina hayo, na hapo ndipo Mfalme huyaridhia. Kwetu, kwa Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, mawaziri hutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na Rais ana nafasi kumi za kuteua wajumbe, kwa hiyo anaweza kumwingiza Barazani mtu anayemtaka na kisha kumpa wizara. Waziri Kiongozi wa Uskoti hana nafasi kama hizo. Huchagua katika waliopo tu. Wala sheria haidai shahada wala umri mkubwa. Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba nasi tulikuwa na Waziri Kiongozi hadi mwaka 2010, lakini yule wetu alikuwa chini ya Rais wa Zanzibar, ilhali wa Uskoti ndiye mkuu wa serikali yake.

SWALI: Dini yake ilimsaidia au ilimkwaza? — Bwana wa Michenzani

JIBU: Picha iliyozunguka duniani ni ya jioni ya tarehe 28 Machi 2023, siku Bunge lilipompigia kura. Ilikuwa Ramadhani, na baada ya kufuturu aliwasalisha watu wa familia yake ndani ya Bute House, nyumba rasmi ya Waziri Kiongozi. Wengi wetu tuliipokea picha ile kwa furaha na hatukuuliza zaidi.

Ukiuliza zaidi utakuta jambo ambalo halikutarajiwa. Katika kinyang'anyiro cha mwaka 2023 aliyetingishwa kwa sababu ya dini hakuwa Yousaf, alikuwa Kate Forbes, Mkristo wa Kanisa Huru la Uskoti, aliyesema waziwazi kwamba angekuwa Bungeni wakati ule angeipinga sheria ya ndoa za jinsia moja. Yousaf alisema kuwa yeye hatungi sheria kwa kufuata imani yake na kwamba haki zilizokwisha kutolewa atazilinda. Wapinzani wake wakamkumbusha kuwa kura ya mwisho ya sheria hiyo, mwaka 2014, hakuwepo. Mwenyewe alieleza kuwa alikuwa na mkutano wa kikazi. Msomaji wa Zanzibar anaweza kuwa na maoni yake juu ya sheria yenyewe, na ninayaheshimu, lakini asidhani kwamba Yousaf alipanda kwa kuahidi kutawala kwa misingi ya dini. Alishinda kwa asilimia 52.1 dhidi ya 47.9 ndani ya chama, jambo linaloonesha jinsi Forbes alivyokuwa karibu pamoja na msukosuko wote ule.

SWALI: Ikiwa alikuwa na uzoefu wote huo, kwa nini alidumu mwaka mmoja tu? — Mzee wa Makunduchi

JIBU: Kwa sababu ya hesabu, mzee wangu, na kwa sababu aliifanya hesabu baada ya kutenda. Chama chake kilikuwa na wabunge 63, na Waziri Kiongozi asiye na wingi wa kura hutegemea rafiki. Rafiki alikuwa chama cha Kijani, chenye wabunge 7, kilichofunga makubaliano na SNP mwaka 2021 na kupewa nafasi mbili za uwaziri. Aprili 2024 serikali iliacha lengo la kupunguza hewa chafu kwa asilimia 75 ifikapo mwaka 2030, wanachama wa Kijani wakakasirika na wakawa wanajiandaa kupiga kura kama waendelee au wajitoe. Yousaf hakutaka kusubiri. Asubuhi ya tarehe 25 Aprili aliwaita viongozi wao wawili na kuyavunja makubaliano yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo Kijani walitangaza kwamba watamuunga mkono yeyote atakayeleta hoja ya kutokuwa na imani naye, na hoja ilikwisha kuletwa na chama cha Conservative. Iliyobaki kumwokoa ilikuwa kura moja ya Ash Regan, aliyeshindana naye mwaka 2023 na baadaye akahamia chama cha Alba cha Alex Salmond. Kuitegemea kura hiyo kungemgharimu ndani ya chama chake. Tarehe 29 Aprili alitangaza kujiuzulu, na tarehe 8 Mei John Swinney akaapishwa, huku Kate Forbes akipewa unaibu. Mtu aliyeijua serikali kutoka chumba cha msaidizi hadi kiti cha juu alikosea jambo ambalo msaidizi yeyote angemwambia: kabla ya kuvunja ushirika, hesabu kura. Mwishoni mwa mwaka 2024 alitangaza kuwa hatagombea tena katika uchaguzi wa mwaka 2026.

SWALI: Mtoto wa dada yangu anasoma Aberdeen na ana paspoti ya Tanzania. Anaruhusiwa kupiga kura huko? — Mama wa Kiembesamaki

JIBU: Anaruhusiwa, ikiwa anaishi huko kihalali na amejiandikisha katika daftari la wapigakura la eneo analokaa. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi za Jumuiya hiyo wana haki ya kupiga kura katika chaguzi za Uingereza. Kwa Bunge la Uskoti na mabaraza ya manispaa umri ni kuanzia miaka 16. Kwa Bunge la London amekuwa akihitaji kutimiza miaka 18. Mwambie ajiandikishe mapema kabla ya muda kufungwa, na akihama dakhalia aandikishe anwani mpya.